Miguuni mwa Ukurasa wa Nne

Bweni, Pangani
6 Februari 1956

Kwa Bwana Mhariri wa *Kengele ya Pwani*, Chumbageni, Tanga.

Shikamoo. Hunijui wala sikujui, ila gazeti lako hutufikia huku ng'ambo ya mto, kwenye mkahawa wa Sadalla, na huko ndiko nilikopata anwani yako.

Naomba unitolee tangazo. Mume wangu, Idarusi bin Makame, aliondoka hapa kwenda Mombasa kwa njia ya Horohoro, akasema anakwenda kutafuta maisha. Sasa ni mwaka wa sita. Barua hakuna, salamu hakuna, na kila arudiye kutoka Mombasa ana habari yake, hailingani na ya mwenzake. Tangazo liseme hivi: "Idarusi bin Makame, mwenyeji wa Bweni, anatafutwa na jamaa zake. Mwenye habari zake aandike kwa Sadalla, Bweni, Pangani." Basi, usiongeze kitu. Litoke mara tatu, Machi, Aprili na Mei. Tafadhali lisikose hata toleo moja.

Mimi sina makuu. Liweke ukurasa wa nyuma, chini kabisa, hata chini ya tangazo la dawa ya minyoo. Herufi ndogo zinatosha, mradi zisomeke, na tarehe ya gazeti ionekane. Nakala za matoleo hayo matatu naomba unitumie mwenyewe.

Mama mkwe wangu, Bi Saleha, anakusalimu. Ameketi hapa pembeni yangu anaponda majani ya mvuje kwa ajili ya magoti yake, na kila nikiandika neno ananiuliza nimeandika nini.

Mimi,
Mwamvua binti Shekhe


Chumbageni, Tanga
20 Februari 1956

Bi Mwamvua,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nimesimama, maana siku hizi nikikaa sinyanyuki. Usione ajabu kujibiwa na mhariri mwenyewe. Mhariri ni mimi, ripota ni mimi, mpanga herufi ni mimi, na tangu fundi wangu alipokwenda kufanya kazi ya ukarani kwenye shamba la mkonge, anayeosha mashine kwa mafuta ya taa ni mimi pia. Vidole vyangu havitakati tena, hata kanisani Jumapili navificha.

Hilo la kuliweka chini ukurasa wa nyuma nimelikataa, na nitakueleza kwa nini ili usinione mkaidi.

Gazeti langu lina kurasa nne. Ukurasa wa kwanza una kichwa, yaani lile jina la gazeti kwa herufi nene, na huku na huku pana visanduku viwili vidogo tunavyoviita masikio. Chini ya kichwa ndipo vinapoanza vichwa vya habari na safu zake. Ukurasa wa pili ni tahariri yangu, ambayo sidhani kama kuna anayeisoma, na barua za wasomaji, ambazo wote huzisoma. Wa tatu ni mashairi, na bei za nazi na mkonge. Wa nne ni matangazo ya biashara tupu: baiskeli, chai, dawa hiyo ya minyoo. Sehemu ya chini ya ukurasa tunaiita miguu. Huko miguuni mwa ukurasa wa nne natupia kitu chochote ili nafasi isibaki wazi.

Sasa sikiliza. Huko kwa Sadalla, na mikahawa yote kuanzia Tanga mpaka Horohoro, gazeti hutundikwa kwenye kamba, likakunjwa katikati. Wanaolinunua ni wachache, wengi wanasoma kilicho juu ya mkunjo huku wakinywa kahawa. Kilicho chini ya mkunjo kimekwisha kuzikwa. Kwa hiyo mtu aliyepotea mimi humweka sikioni. Sikio la kushoto lina tangazo langu mwenyewe, tangu zamani: "Lea binti Timotheo anatafutwa na wazazi wake." Ni binti yangu. Alikwenda Mombasa kufanya kazi ya uyaya, akaandika barua, akaandika, kisha kimya. Mama yake, Dorkasi, hataki tena nimtaje mezani. Sikio la kulia nakupa wewe. Matangazo ya waliopotea hayalipiwi kwangu.

Jikaze, mama. Najua uchungu wa kukaa unasikiliza mlango.

Wako,
Timotheo Shemzigwa, Mhariri


Bweni, Pangani
11 Machi 1956

Mzee Timotheo,

Shikamoo. Gazeti la Machi limefika, na sikio nimeliona. Asante. Bweni yote imeliona pia.

Sadalla amelitundika kwenye kamba kama ulivyosema, na kuanzia alfajiri watu wanakuja nyumbani kwangu. Wengine wananipa pole, wengine hongera. Mtu wa kivuko kaapa kuwa alimwona Idarusi Mombasa, Mwembe Tayari, amevaa koti jeupe. Mwingine kamwona Malindi. Bi Saleha ametoa kitanda cha mwanawe chumba cha nyuma akakianika uani, akanituma chokaa nipake kuta. Nimepaka. Mikono imeniwaka siku mbili.

Sasa nakuomba, mzee wangu, toleo la Aprili uliteremshe. Naona haya. Mambo ya nyumba ya mtu si ya kuning'inizwa mkahawani wanaume wakayasoma huku wakitafuna kashata. Liweke miguuni kama nilivyokuomba mwanzo, litanitosha.

Kuhusu binti yako nimesikitika. Nimemwombea. Lakini na wewe umwulize vizuri mkeo, pengine ana analolijua.

Mimi,
Mwamvua

Barua yako ilisomwa kwa sauti na Sadalla, mbele ya Bi Saleha na majirani. Mimi nasoma mwenyewe, lakini Bi Saleha haamini kitu mpaka akisikie kwa Sadalla. Kwa hiyo ujue, ukiniandikia mimi umewaandikia wote.


Chumbageni, Tanga
19 Machi 1956

Bi Mwamvua, na wote mnaosikiliza hapo kwa Sadalla,

Salamu. Nimeelewa haya yako, na ni haya ya mwanamke aliyelelewa. Lakini mimi kazi hii nimezeeka nayo. Wote huona haya mwezi wa kwanza. Wakikubali kuondoa tangazo, mwezi wa tatu wananiandikia wakilia, kwamba laiti ungeliacha.

Kwa hiyo toleo la Aprili sitalishusha, nitalipandisha. Nimelitoa sikioni, nimelipa safu mbili chini ya jina la gazeti, na juu yake nimeweka kichwa cha habari kwa zile herufi za mbao ambazo sijazigusa tangu kutawazwa kwa malkia wa Kiingereza: MKE ANASUBIRI. Nimelizungushia mstari mweusi. Sijawahi kumfanyia mtu yeyote hivi, hata mwanangu. Nakala kadhaa nimewapa madereva wa basi wazitundike Horohoro, pale forodhani, kila avukaye kwenda au kutoka Mombasa azione.

Bi Saleha, usikianue kitanda.

Hapa mvua imeanza na paa linavuja juu ya kasha la herufi. Nimeliwekea sufuria. Usiku sina nguvu ya kuhamisha kitu, nalala na sauti ya matone. Dorkasi nilimwuliza kama ulivyonishauri. Aliendelea kuchambua mchele.

Wako,
Timotheo Shemzigwa


Bweni, Pangani
8 Aprili 1956

Mzee Timotheo,

Barua hii naiandika jikoni, Bi Saleha amekwenda kwa jirani kuuliza habari za mwezi. Nitaipeleka posta Pangani mwenyewe, Sadalla asiiguse. Nisamehe, leo sina salamu ndefu.

Simsubiri.

Nimeiona hiyo MKE ANASUBIRI na nusura nianguke kivukoni. Wanaume walinipisha njia kama bibi harusi. Mzee wangu, umenifanyia hisani kubwa usiyoombwa, na hisani hiyo itaniua. Ukweli ni huu. Nilikwenda kwa kadhi nikamwomba faskhi, anivunjie ndoa, kwa kuwa mume hayupo na matunzo hayapo. Kadhi kanisikiliza vizuri. Kasema mume atangazwe gazetini miezi mitatu, asipotokea wala kujibu, nilete magazeti matatu, na ndoa itavunjwa. Hakusema litangazwe ukurasa gani. Ndiyo maana nilikuomba miguuni. Haya ilikuwepo, lakini si hiyo niliyokuwa naihofia. Nilihofia asije akaliona.

Utajiuliza ana nini. Hanipigi. Ni mcheshi, watu wote wanampenda. Huja tu. Alikwenda mara ya kwanza akarudi, akakaa miezi, akauza mbuzi wa mama yake, akaniacha na mimba akaenda. Mtoto nikamzika peke yangu. Akarudi tena, akauza mlango wa nakshi wa babake, akaniacha na mimba. Huyo naye nikamzika. Mara hii ya mwisho alipoaga nilisimama mlangoni nikamwomba Mungu basi amruzuku huko huko, ashibe, asahau njia. Sina mwanamume mwingine, kama hilo linapita moyoni mwako. Sitaki wa kuingia, nataka tu aliyetoka asirudi akiwa na haki juu yangu. Akitokea kabla ya Mei kwisha, kadhi atasema mume wako huyu hapa, na kitanda kimekwisha anikwa.

Hukunielewa, na sikulaumu. Wewe unatafuta kwa moyo, ukadhani kila anayetafuta anataka kupata. Na wako pia wanaotafutwa wanaojua vizuri sana kuwa wanatafutwa.

Usinijibu. Jibu lako litasomwa hadharani. Ukiwa umenielewa, toleo la Mei liweke miguuni mwa ukurasa wa nne. Nikiliona hapo nitajua.

Mwamvua


Mombasa
20 Aprili 1956

Kwa Bwana Mhariri mpenzi,

Ramadhani karimu, kama wewe unafunga, na kama hufungi basi kula na utukumbuke. Ndimi Idarusi bin Makame unayemtangaza. Dereva wa basi kaniletea gazeti lako, kisha nikakuta lingine Horohoro limebandikwa forodhani, askari wa mpaka wakaniuliza, "Bwana, ndiwe huyu mkubwa hivi?" Nikawaambia ndimi. Sijawahi kupewa kiti forodhani, siku hiyo nilipewa.

Mambo yangu si haba. Nina mipango na Wahindi wawili. Lakini moyo umenijaa niliposoma kuwa mke anasubiri. Mwambie akunjue mkeka, nakuja kwa Idi, inshallah. Jibu langu litoe gazetini toleo la Mei, na liwe pale pale juu palipokuwa pa kwanza, watu wa Pangani waone kwamba Idarusi hakupotea, Idarusi alikuwa kazini.

Wako akupendaye bila kukuona,
Idarusi Makame


Chumbageni, Tanga
25 Aprili 1956

Ndugu Idarusi,

Barua yako imefika, na nimefurahi kujua u hai.

Kuhusu jibu lako, nakueleza kama fundi wa kazi. Toleo la Mei limekwisha kupangwa, safu zimejaa, fremu imekazwa. Ningeweza kukuchomeka mahali, lakini ingekuwa mistari miwili katikati ya bei za nazi, na mtu aliyetangazwa kwa herufi za mbao hawezi kujibu kutoka katikati ya nazi. Pana njia iliyo bora. Toleo la Juni nitakupa ukurasa wa kwanza, safu mbili, na picha yako. Sijawahi kutoa picha ya mtu wa Pangani. Lakini picha haichapwi hivi hivi, lazima itengenezewe bamba, na mabamba yangu yanatengenezwa Nairobi, yanachukua wiki nyingi. Nenda kwa mpiga picha, vaa vizuri, niletee.

Na kama utaniruhusu nikushauri, usisafiri kabla. Mtu akishuka kwenye basi bila kutazamiwa, ni msafiri tu. Gazeti likitangulia, wewe ukifuata nalo mkononi, ni jambo jingine.

Wako,
T. Shemzigwa, Mhariri


Mombasa
5 Mei 1956

Bwana Mhariri,

Picha hii hapa. Suti ni ya rafiki lakini imenikaa kama yangu. Ule mche wa nyuma ni wa mpiga picha, kama hupendezwi nao ukate. Umenena kweli kabisa, nangoja gazeti. Idi nitaila huku huku. Kichwa cha habari napendekeza kiwe AMEPATIKANA.

Idarusi


Bweni, Pangani
24 Juni 1956

Mzee Timotheo, baba yangu,

Shikamoo, na nyingine tena shikamoo.

Gazeti la Mei lilipofika nilijifungia chooni nikalifungua kuanzia nyuma. Nikaona baiskeli, nikaona chai, nikaona minyoo, na chini ya minyoo nikamwona Idarusi kwa herufi za sisimizi. Nilikaa mle nikalia mpaka Bi Saleha akagonga. Kadhi aliyapokea magazeti yote matatu, akavaa miwani, akalitafuta la Mei kwa kidole mpaka chini. Akasema limetoka, na akaivunja ndoa. Ilikuwa bado Mei.

Sasa nimo edani. Nilimwogopa Bi Saleha kuliko kadhi. Nilirudi nikamwambia ukweli wote, tangu barua ya kwanza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Na mimi nilichoka, mwanangu. Nilikianika kitanda kwa kuwa ni mama, siwezi kutokianika." Akaniuliza kama nitamfukuza. Nikamwambia nyumba ni yake, mimi ndiye wa kufukuzwa. Akasema mwanawe hamjui, mimi ananijua, basi tukae. Tunakaa.

Halafu Idarusi akaja. Alishuka na suti, gazeti la Juni mkononi, picha yake kifuani kama cheti. Watu walimlaki kweli, na Sadalla akampa kahawa. Alipofika nyumbani, Bi Saleha alisimama mlangoni akamwambia mkewe hana tena, mama anaye, aingie ale. Alikwenda kwa kadhi mbio. Kadhi akamwambia faskhi haina rejea. Akarudi akala, akacheka, akatusimulia jinsi mhariri wa Tanga alivyomsihi asisafiri mpaka picha itoke. Alikuwa anajisifu. Nilikuwa nyuma ya pazia, nikajua ulichonifanyia. Siku ya tatu alikwenda zake, na safari hii nyumba haikupungukiwa kitu, kwa kuwa Bi Saleha alilala na funguo.

Sina cha kukulipa ila neno moja, na nimelifikiri sana kama nikuambie.

Umemweka Lea sikioni miaka yote, juu ya mkunjo, ili watu wamwone kwenye kamba za mikahawa. Mzee wangu, sisi wanawake hatuingii mikahawani. Hiyo kamba ni ya wanaume. Gazeti hutufikia sisi baadaye, limefungia karanga, limefungia samaki, limetandikwa kwenye kabati ya vyombo. Na muuza karanga akikata karatasi, ukurasa wa mbele wenye picha anabaki nao ubandikwe ukutani, kwetu hufika wa nyuma. Mimi tangazo la minyoo nalijua kwa moyo. Umemtafuta binti yako mahali ambapo hakanyagi.

Na hilo neno "anatafutwa". Nilipolisoma juu ya Idarusi halikunidhuru, kwa kuwa halikuwa langu. Lingekuwa langu ningekimbia mbali zaidi. Nisamehe kama nimevuka mpaka.

Binti yako,
Mwamvua


Chumbageni, Tanga
9 Julai 1956

Mwanangu Mwamvua, na Bi Saleha, na Sadalla unayesoma,

Marahaba. Safari hii sijali nani anasikiliza.

Barua yako niliisoma nimekaa, nikakaa nayo mpaka chai ikapoa. Miaka yote nimejisifu kuwa naujua ukurasa wangu, kichwa na masikio na miguu. Sikuwahi kujiuliza ni nani anakaa chini ya mkunjo. Nilimwita Dorkasi nikamsomea kile kipande cha karanga. Alicheka, mwanangu, mara ya kwanza baada ya muda mrefu, kisha akalia. Akasema, "Kila mwezi nilikuwa nalisoma lile tangazo, naona kama tunamwita polisi." Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Ulikuwa unalipanga kwa mikono yako mwenyewe, herufi moja moja, ningekuambiaje?"

Habari ya Idarusi isikusumbue. Sijawahi kuchapa uongo katika gazeti hili. Ule wa bamba la Nairobi sikuuchapa, niliuandika kwa barua, na bamba lenyewe kwa kweli lilikwenda Nairobi likarudi. Mchungaji wangu atalipima hilo siku nikipata nguvu ya kumweleza. Picha niliitoa kwa kuwa niliahidi. Mche wa nyuma niliuacha.

Jana nimefungua fremu. Nimelitoa tangazo la Lea sikioni. Herufi zake zilikuwa zimeganda kwa wino mkavu, nilizing'oa kwa kisu. Sikio nimeliacha wazi, jeupe, kwa kuwa sikuwa na la kuweka wala hamu ya kutafuta. Nimepanga upya miguuni mwa ukurasa wa nne, chini ya minyoo, na maneno ni ya Dorkasi: "Lea, hatukutafuti tena. Baba na mama wazima. Tunakusalimu." Litatoka kila mwezi muda wote nitakaokuwa na mashine. Mgongo unauma na paa bado linavuja, kwa hiyo sijui ni muda gani.

Maliza eda yako salama.

Baba yako,
Timotheo


Mombasa
30 Septemba 1956

Baba,

Shikamoo. Mwambie na mama shikamoo.

Nilinunua karanga Ijumaa. Salamu nimezipata.

Lile la juu nalo nililijua, baba. Kila nyumba niliyofanyia kazi mpishi alikuwa mwanamume, akaniambia kuwa bado ninatafutwa, na kila nilipoambiwa nilibadili nyumba ya kufanyia kazi. Nilidhani mnanitaka nirudi nijibu kesi. Mimi mzima. Nina mtoto, wa kike, anaitwa Dorkasi. Baba yake hayupo, na usiniulize kwa sasa, nimechoka kuulizwa.

Sijui kama nitakuja. Nitaandika. Karatasi ya karanga nimeikunjua nikaibandika juu ya kitanda cha mtoto, pamoja na minyoo yake.

Tangazo usilitoe bado, nimezoea kulitafuta. Na barua hii usiichape.

Lea